Bang Jeong-hwan, mtu mwenye alipatia watoto wa Korea jina lao

Kila mwaka tarehe 5 ya mwezi wa tano, mu Korea ya Kusini ofisi zinafungwa, masomo yanafungwa, wazazi wanatoka kutembea na watoto wao. Ni konji ya inchi nzima. Mwenye kuianzisha hakuwa mfalme wala jenerali. Alikuwa mwandishi mmoja mnene, mwenye madeni mengi, aliyekufa na miaka 31 tu. Mimi nilikuja kumjua juu ya kazi yangu ya sendika, wakati tulikuwa tunatafuta habari za zamani juu ya kazi ya watoto, na nikajiuliza kwa nini huku kwetu hakuna anayemtaja.

Bang Jeong-hwan alizaliwa ku Seoul tarehe 9 ya mwezi wa 11, mwaka 1899, mu jamaa ya wachuuzi wenye mali. Siku zile mtoto mwanaume wa Korea alikuwa anafuga nywele na kuzisuka mkia mrefu mgongoni, lakini masomo ya kisasa yalitaka kichwa kifupi. Yeye akakubali wamukate bila kuuliza nyumbani. Aliporudi, fimbo ilikuwa inamungojea. Miaka michache nyuma, biashara ya wazee ikaanguka. Wakatoka mu nyumba kubwa, wakaenda kubanana mu kanyumba, na mtoto aliyezoea kushiba akaanza kujua mlango wa jamaa mwenye bado ana mchele wa kukopesha.

Mu 1910 Japani ikameza Korea. Bang akaingia masomo ya biashara lakini hakuyamaliza, hali ya nyumbani ilimushinda. Akapata kazi ya kuandika nakala ku ofisi ya serikali ya Wajapani yenye ilikuwa inapima udongo wa Korea yote. Fikirini kidogo juu ya kazi ile. Mkulima mwenye hakujua kujaza karatasi za wakubwa wapya alikuwa mu hatari ya kupoteza shamba la baba yake, na kijana wa Korea njo alikuwa analipwa kunakili karatasi zilezile kwa mkono wake. Sisi wenye kuishi karibu na migodi tunajua namna karatasi inaweza kumaliza udongo kuliko jembe.

Mu 1917 akaoa Son Yong-hwa, binti wa Son Byong-hi, kiongozi wa dini ya Cheondogyo. Ile ni dini yenye ilizaliwa Korea kwenyewe, na inafundisha kwamba mbingu iko ndani ya kila mtu. Kiongozi wake wa zamani, Choe Si-hyeong, alikuwa amekataza watu kupiga watoto: mwenye kupiga mtoto anapiga mbingu. Ninaamini pale njo njia yote ya Bang ilianzia, hata kama wengine wanapenda kusema alijifunza kila kitu ku Japani.

Tarehe 1 ya mwezi wa tatu, 1919, Wakorea wakasimama kudai uhuru. Baba mkwe wake alikuwa mmoja wa watu 33 wenye kutia sahihi ku tangazo, akafungwa. Bang yeye alikuwa anachapa usiku gazeti la siri la uhuru. Polisi walipokuja, mashine ilikuwa imekwisha kutupwa mu kisima. Wakamukamata, wakamutesa, lakini ushahidi ukakosekana, na nyuma ya wiki moja wakamuachilia.

Mwaka uliofuata akaenda Tokyo, akasoma ku chuo kikuu cha Toyo. Hapa iko jambo lenye linanipendeza sana. Mu 1920 alianza kutumia neno moja, eorini. Mbele yake, Mkorea akitaka kusema mtoto alikuwa na maneno mengi, na mengi yalikuwa ya dharau, sawa vile sisi tunasema katoto kale, kama vile ni kitu. Neno eorini limejengwa kama yale yenye Wakorea wanatumia kwa mtu mzee na kwa kijana. Kwa Kiswahili tungesema alimtoa mtoto mu ngeli ya vitu, akamutia mu ngeli ya watu. Lugha yao iko na ngazi za heshima. Mkubwa haongei na mdogo sawa vile mdogo anaongea na mkubwa. Bang akaomba wakubwa waongee na watoto kwa heshima. Watu walicheka. Wazee wetu wenye waliitwa tu, hata siku moja si vous, mu wakati wa wakoloni, hawangecheka.

Mu 1921 yeye na wenzake wa Cheondogyo wakaanzisha kundi la watoto ku Seoul. Tarehe 1 ya mwezi wa tano, 1922, kundi lile likaita siku yake Siku ya Watoto, na mu 1923 siku ikasherehekewa mu inchi kwa ukubwa zaidi. Wakati ule wakatoa tangazo lenye pointi tatu: watoto waheshimiwe kama watu kamili, kazi ya watoto wa miaka 14 na chini yake ikomeshwe, yenye kulipwa na yenye haina malipo, na wapatiwe mahali pa kujifunza na kucheza. Angalieni mwaka. Tangazo la Genève juu ya haki za watoto lilikuja mu 1924. Watu wenye hawakuwa na serikali yao, wenye polisi alikuwa anasoma kila karatasi yao, walikuwa wamekwisha kuandika kwamba hata kazi bila malipo ni kazi. Mimi nimeona watoto wakiosha mawe ya kobalti mu mto huku Kolwezi, na ukiuliza wanakujibu kwamba wanasaidia tu mama. Neno lile “saidia” linaficha mengi, na wale watu wa Seoul walikuwa wameliona.

Mwaka uleule wa 1923 akaanzisha gazeti, jina lake Eorini. Namba ya kwanza ilichelewa juu ya wakaguzi wa Wajapani. Bang mwenyewe alisimulia kwamba mwanzoni, hata la bure, watu waliolitaka walikuwa 18 tu. Lakini likakua. Mu kurasa zake njo wimbo Gohyangui bom, juu ya kijiji cha kuzaliwa, ulitokea mu 1926. Mwenye kuuandika, Lee Won-su, alikuwa bado kijana mdogo, na Wakorea wanauimba mpaka leo.

Mu gazeti lile Bang akaandika hadithi zenye watoto walingojea kila mwezi. Moja ni Chilchildanui bimil, siri ya kundi la Saba-Saba, ya 1926. Kaka na dada mdogo wanafanya kazi mu sarakasi ya Mjapani. Wanaruka juu ya kamba, wanapigwa, hawajui wazazi wao ni nani wala walizaliwa wapi. Sarakasi inafika Seoul, mzee mmoja anawaangalia, anawatambua: nyinyi ni Wakorea, mimi ni mjomba wenu. Kaka anatoroka. Dada anapelekwa mbali, mpaka China, na kaka anamfuata na rafiki yake mpaka mu kundi la watu wenye kuuza kasumba kwa siri. Ni hadithi ya upelelezi, ya mbio na milango ya siri, mtoto anaisoma mpaka mafuta ya taa yanakwisha. Lakini swali lenye liko chini yake ni lingine: mtoto mwenye alilelewa na bwana wa kigeni, akaitwa jina la kigeni, anarudi namna gani kwa watu wake? Wajapani walikuwa wanafundisha watoto wa Korea Kijapani kama lugha ya taifa lao. Bang hangeweza kuandika waziwazi habari ya kupinga. Akaandika juu ya sarakasi.

Alikuwa pia msimulizi, na pale njo hakuwa na mwenzake. Alizunguka miji, watu wakajaa ku vyumba vya mikutano. Inasimuliwa kwamba watoto walikataa kutoka kwenda choo, wakatumia viatu vyao vya mpira, na kwamba hata polisi mwenye kutumwa kumuchunga alipangusa machozi.

Si wote waliomupenda. Mwisho wa miaka ya 1920, wenzake wa mrengo wa kushoto walimulaumu kwamba anawalisha watoto machozi, na kwamba hasemi vya kutosha juu ya wakulima na wafanyakazi. Mimi mwana-sendika nilipaswa kuwa upande wao, na hadithi zake zingine kweli ziko na kilio kingi. Lakini mwenye kuomba kazi ya watoto ikomeshwe, utamwambia kwamba amesahau wafanyakazi? Watu wa mapambano tunajua kugombana wenyewe wakati bwana anacheka. Tarehe nayo ikahama: tarehe 1 ilikuwa ya wafanyakazi, polisi walikuwa wakali zaidi, na tangu 1928 siku ya watoto ikawekwa ku Yenga ya kwanza ya mwezi wa tano.

Mwaka ule wa 1928 akapanga pia maonyesho ya picha za watoto wa inchi nyingi ku Seoul. Kisha mwili ukakataa. Alikuwa anaongoza magazeti zaidi ya moja, anasafiri, anatafuta feza za kulipa mtambo wa kuchapa. Damu ilipanda, figo zikaharibika. Akafa ku hospitali, tarehe 23 ya mwezi wa saba, 1931.

Majivu yake yalikaa miaka 5 bila kaburi la kudumu, mpaka mu 1936 marafiki wakachanga makuta, wakamuzika ku kilima cha Manguri, pembeni ya Seoul. Gazeti lilikuwa limekwisha kufungwa. Mwisho wa miaka ya 1930 Wajapani wakakataza na siku yenyewe. Ilirudi mu 1946, Japani ikiwa imekwisha kushindwa vita. Yenga ya kwanza ya mwezi wa tano mwaka ule iliangukia tarehe 5, na ikabaki pale.