Nathaniel Hawthorne, kilembwe wa hakimu

Katika maisha ya watu mashuhuri, safari hii tunavuka bahari hadi Marekani, kwa mwandishi wa hadithi Nathaniel Hawthorne. Baadhi yenu mtauliza huyo anatuhusu nini sisi watu wa Rumonge. Someni kwanza.

Alizaliwa tarehe 4 Julai 1804 katika mji wa bandari wa Salem, jimbo la Massachusetts. Baba yake, nahodha, alifia mbali huko Surinam mwaka 1808, na mtoto akalelewa na mama mjane katika nyumba ya ndugu za mama. Waliokulia kati ya wavuvi wa Rumonge na Nyanza-Lac wanaijua nyumba ambayo mwenyewe aliondoka na chombo asirudi.

Lakini kilichomsumbua kilitoka mbali zaidi. Babu wa kwanza wa ukoo, William Hathorne, alihamia Amerika mwaka 1630 pamoja na Wapuritani, Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kanisa lililotakaswa. Wengi wao walikuwa wamekimbia kubanwa kwa ajili ya imani, na walipopata nguvu wakawabana wengine. William, akiwa hakimu, aliamuru mwanamke wa Kiquaker achapwe viboko hadharani. (Quaker ndio hao ambao kwetu Burundi tunawaita Kanisa la Marafiki.) Mwanawe John alikuwa mmoja wa mahakimu wa Salem mwaka 1692, watu walipoanza kushtakiana uchawi. Jirani alimtaja jirani. Aliyeungama uongo aliachwa hai, aliyeshikilia kweli akahukumiwa. Walinyongwa watu 19, na mzee mmoja akakandamizwa kwa mawe hadi akakata roho. Tumeishi ukimbizini muda wa kutosha kujua jinsi neno hilo, mchawi, linavyopita upesi kutoka hema hadi hema.

Mwaka 1697 hakimu mwenzake John, Samuel Sewall, alisimama kanisani mjini Boston mbele ya watu wote, huku mchungaji akisoma ungamo lake. John Hathorne hakusimama. Alikufa mwaka 1717, na hakuna toba yake inayojulikana.

Nathaniel aliyajua haya yote. Akiwa kijana aliongeza herufi w katika jina la ukoo, na wengi hudhani alitaka kujitenga na yule hakimu. Alihitimu chuo cha Bowdoin mwaka 1825, kisha akakaa Salem kwa mama yake miaka kama 12, akisoma habari za kale na kuandika.

Hadithi tunayoipenda kuliko zote ilitoka mwaka 1835. Kijana Brown anamwacha mkewe, ambaye jina lake ni Imani, aingie msituni usiku kwa miadi na Shetani. Njiani Shetani anajisifu kwamba alikuwepo babu yake Brown alipomchapa mwanamke wa Kiquaker. Mwandishi ameingiza aibu ya nyumba yake mwenyewe bila kutaja jina! Kisha Brown anawaona mchungaji, shemasi na mama aliyemfundisha katekisimu, wote wanaelekea ibada ya giza, na Imani pia yumo. Asubuhi hajui kama ilikuwa ndoto. Anaishi mpaka uzee bila kumwamini mtu tena. Katika hadithi nyingine mchungaji Hooper anafunika uso kwa kitambaa cheusi, anazikwa nacho, na washarika wake hawaambiwi kisa.

Mwaka 1849 alipoteza kazi ya forodha. Mwaka uliofuata, katika utangulizi wa kitabu kilichompa jina kubwa, aliibeba aibu ya wazee wake na kuomba laana iondolewe. Mwaka 1851 akaandika habari za shamba. Kanali mmoja anatamani kiwanja cha maskini, anasaidia anyongwe kama mchawi, kisha anajenga juu yake. Wajukuu wanarithi nyumba, pamoja na laana.

Hapa tunafika kwetu. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulianzia Rumonge na pwani ya kusini, ukaua Watutsi. Kisasi cha serikali kikaua Wahutu wengi zaidi sana nchini kote. Waliopona walivuka kwenda Tanzania na Zaire. Mashamba na michikichi yao wakapewa wengine. Waliorudi baada ya mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 waliwakuta humo watu, baadhi wamezaliwa hapo hapo, ambao hawakumfukuza yeyote. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, mara iligawanya shamba kati ya pande mbili, mara ililirudisha lote kwa mwenyewe wa zamani. Katika kitabu, kijana wa ukoo ulioibiwa anamwoa binti wa ukoo ulioiba, wakahamia nyumba nyingine waliyorithi. Sisi tunauona mwisho huo mwepesi mno. Wa Rumonge hawana nyumba ya pili.

Tena, aliyeona dhambi ya 1692 hakuiona vizuri ya siku zake. Mwaka 1852 aliandika kitabu cha kumpigia debe rafiki yake Franklin Pierce awe rais, akawaambia wasomaji utumwa uachwe mikononi mwa Mungu, utakwisha wenyewe. Sewall, yule aliyetubu, alikuwa ameandika kuupinga tangu mwaka 1700. Pierce alishinda, akampa Hawthorne ubalozi mdogo wa Liverpool.

Alifariki usingizini tarehe 19 Mei 1864, akiwa safarini na Pierce katika mji wa Plymouth, New Hampshire, huku nchi yake ikiendelea kupigana vita juu ya utumwa.