Charles-Édouard Guillaume, mutu aliyetuliza chuma mbele ya joto

Sisi wa Kamina tunajua vile joto inasumbua chuma. Wale waliotandika reli waliacha nafasi kidogo kati ya chuma na chuma, juu jua la saa saba linairefusha, na baridi ya usiku inaifupisha. Ndani ya saa ya mukono, shida njo hiyohiyo: resori ndogo ikipata joto inalegea, na saa inachelewa. Mafundi walipambana na ile shida miaka mingi. Aliyepata dawa yake alizaliwa katika jamaa ya mafundi wa saa: Charles-Édouard Guillaume.

Alizaliwa tarehe 15 Februari 1861 kule Fleurier, Uswisi. Babu yake alikuwa amefungua kazi ya saa London. Baba yake akarudia Uswisi na ufundi uleule. Mutoto alisoma Neuchâtel, kiisha Zurich. Mwaka wa 1883 akaingia kazi Sèvres, karibu na Paris, kwenye Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo. Alibaki mule mpaka 1936, miaka 53 nyumba moja. Kutoka 1915 njo alikuwa mukurugenzi.

Pale Sèvres walikuwa wanachunga fimbo ya metre, kipimo cha dunia nzima. Ilitengenezwa na platini na iridiamu, vitu vya bei kali sana. Guillaume akatafuta madini ya bei nafuu yenye joto haiwezi kurefusha. Mwaka wa 1896 akapima chuma kilichochanganywa na nikeli, akaona joto haikisumbue sana. Kampuni ya Commentry-Fourchambault ikamuyeyushia michanganyiko mingine mingi katika kiwanda chake cha Imphy. Mukurugenzi wake alikuwa Henri Fayol, mutu wa migodi, yule ambaye mafundisho yake juu ya kuongoza kampuni yanasomwa hata leo. Guillaume akapima mumoja mumoja. Kwenye nikeli 36 kwa mia akapata chuma ambacho joto inakirefusha karibu mara kumi chini ya chuma cha kawaida.

Profesa Marc Thury wa Geneva akatoa wazo la jina: Invar, kifupi cha neno la Kifaransa lenye maana ya kitu kisichobadilika. Kiisha ikafuata Elinvar, ya resori ya saa: hata joto ikipanda, nguvu yake haibadilike. Mwaka wa 1920 Guillaume akapewa Tuzo la Nobel la fizikia. Alikufa mwaka wa 1938.

Majina yale yalizaa mengine. Mwaka wa 1933 ikakuja Nivarox, jina lililofupishwa kutoka Kijerumani: haibadilike, haipate kutu. Leo Rolex inaita chuma yake Oystersteel. Mafundi wanaijua kwa namba, 904L: chuma yenye kromiamu, nikeli, molibdeni na shaba kidogo, 1 mpaka 2 kwa mia. Na resori kubwa yenye kusukuma saa nyingi inaitwa Nivaflex; karibu 45 kwa mia yake ni kobalti.

Shaba na kobalti, ndugu wasomaji! Hatusemi kila saa ya matajiri imebeba udongo wa Katanga. Lakini zaidi ya nusu ya kobalti yenye kuchimbwa duniani inatoka Congo yetu. Sehemu kubwa inatoka ikiitwa paka hidroksidi, inauzwa kwa tani. Kule mbele wanaichanganya, wanaipima, wanaipa jina, na jina njo linaleta franga.

Guillaume hakuwa na mugodi hata mumoja. Alikuwa na vipimo, kipimajoto na uvumilivu. Wale waliosimama mbele ya moto wa Imphy, majina yao hayakuandikwa juu ya chuma kile. Wao na sisi ni jamaa moja. Juu ya hiyo, sisi wa sendika tutaendelea kupigania mushahara na usalama, lakini haitoshi. Katika kila mapatano tunayotia sahihi na kampuni, tuombe pia laboratwari hapa kwetu, na vijana wetu wafundishwe kupima na kuchanganya madini. Mwenye kuchimba tu anapokea bei ya mutu mwingine. Mwenye kupima anaweza kubishana.