Pestalozzi na Nidhamu ya Yatima wa Stans

Mwalimu mgeni darasani aghalabu hutanguliza amri, na amri ikishindwa huifuatisha adhabu. Ili tuione njia nyingine, yafaa tuyatazame maisha ya Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu wa Uswisi aliyezaliwa Zürich mwaka 1746.

Pestalozzi alifiwa na baba yake angali mtoto mdogo, akalelewa na mama yake pamoja na mtumishi wa nyumbani. Alipokuwa mtu mzima alianzisha shamba la Neuhof, na mwaka 1774 akaanza kuwakusanya humo watoto wa maskini ili wafanye kazi za mikono na kusoma. Fedha zilimwishia, na mwaka 1780 shule hiyo ikafungwa.

Septemba 1798 majeshi ya Ufaransa yalishambulia Nidwalden, na watoto wengi wakaachwa yatima. Serikali ikampa Pestalozzi kazi ya kuwatunza katika mji wa Stans. Kuanzia Januari 1799 aliwapokea watoto ambao baada ya muda walifikia 80 hivi. Wengi walikuwa na njaa, upele na hofu. Wengine walikwisha kuzoea kuombaomba. Msaidizi wake alikuwa mtunza nyumba mmoja tu.

Pestalozzi hakuanza kwa mahubiri. Kwanza alishughulikia haja zao: alikula nao, akawauguza, akalala miongoni mwao. Pili aliwazoeza matendo mema, kama vile kukaa kimya kwa muda ili wasikilize, na wanaojua kuwafundisha wasiojua. Maneno juu ya wema yalikuja mwisho, watoto walipokwisha kuuonja wema wenyewe.

Aprili mwaka huohuo mji wa Altdorf uliteketea kwa moto. Pestalozzi aliwakusanya watoto wake akawauliza kama wangependa kuwapokea yatima wa huko. Wakakubali kwa shangwe. Hapo akawaeleza kuwa chakula na mavazi vingepungua, na kazi ingeongezeka. Hata hivyo hawakurudi nyuma. Watoto waliofika wakinyang'anyana sasa walikuwa tayari kugawana.

Hatusemi kwamba hakupata kuwachapa. Yeye mwenyewe aliandika kuwa aliwachapa mara kadhaa. Lakini hatuoni kwamba fimbo ndiyo iliyowafanya wakubali kuwapokea wenzao wa Altdorf.

Juni 1799 jengo lilichukuliwa kuwa hospitali ya askari, na kazi ya Stans ikakatika kabla ya kutimiza nusu mwaka. Pestalozzi aliendelea kufundisha Burgdorf, kisha Yverdon tangu 1805, ambako walimu wa nchi nyingi walikwenda kujifunza. Shule hiyo nayo ilifungwa mwaka 1825, ikiwa imedhoofishwa na ugomvi wa walimu wenyewe. Alifariki mwaka 1827.

Basi, walimu wanafunzi, mwendapo katika mazoezi ya kufundisha, zingatieni utaratibu huu: haja, zoezi, kisha neno. Mtoto akisinzia, chunguzeni kwanza kama amekula. Mkitaka darasa lisaidiane, lipeni kazi isiyokamilika bila kusaidiana. Mtoto akitenda jema, mwambieni waziwazi ni lipi alilotenda. Tena, sisi walimu tupatane wenyewe kwa wenyewe, kwa maana watoto hawawezi kujifunza kwetu mapatano tusiyokuwa nayo.