Karani Aliyegundua Nyota Isiyoonekana

Ikifika mwezi wa Februari, saa tatu usiku, hebu toka nje uangalie juu. Uwe Thika au Ruiru, utaona nyota tatu zilizopangana mstari karibu na utosi wa mbingu. Fuata mstari huo kuelekea kusini mashariki, nawe utakutana na nyota inayong'aa kuzishinda zote. Hiyo ni Sirius. Kumbe haiko peke yake! Aliyefichua siri hiyo ni Friedrich Bessel.

Bessel alizaliwa tarehe 22 Julai 1784 mjini Minden, Ujerumani, katika familia yenye watoto wengi. Shuleni alipenda hesabu, lakini Kilatini kilimshinda kabisa, akaacha masomo akiwa na miaka 14. Mwaka 1799 akaenda Bremen kujifunza ukarani kwa wafanyabiashara, kwa mkataba wa miaka 7, mwanzoni bila mshahara.

Mchana alishughulika na hesabu za biashara. Usiku alijisomea ubaharia, na ubaharia ukamfikisha kwenye nyota. Mwaka 1804 alipiga hesabu za njia ya nyotamkia ya Halley, akampelekea mwanafalaki Olbers, ambaye alistaajabu sana. Basi milango ikaanza kufunguka. Mwaka 1810 alihamia Königsberg (leo ni Kaliningrad, Urusi) kuongoza kituo kipya cha kuchunguzia nyota, ingawa hakuwahi kusoma chuo kikuu! Mwaka 1838 akatangaza umbali wa nyota iitwayo 61 Cygni, jambo lililowashinda wengi kabla yake.

Sasa turudi kwa Sirius. Bessel alilinganisha vipimo vya miaka mingi, akaona nyota hii haiendi moja kwa moja. Inayumba, kama mtu anayevutwa mkono na mwenzake gizani. Mwaka 1844 akatangaza kwamba Sirius ina mwenzake asiyeonekana. Alifariki tarehe 17 Machi 1846, kabla ya yeyote kuiona nyota hiyo.

Je, alikosea? La! Tarehe 31 Januari 1862, huko Marekani, Alvan Graham Clark alikuwa akijaribu lenzi mpya ya darubini. Akaiona, nukta ndogo kando ya Sirius. Leo yaitwa Sirius B, nayo ni kibete nyeupe, yaani nyota iliyokwisha kuchoma fueli yake ikajikunja. Iko umbali wa miaka ya nuru 8.6. Yeye na mwenzake huzungukana kwa miaka 50 hivi. Joto la uso wake ni kama digrii 25,000. Ni ndogo kidogo kuliko Dunia, lakini uzito wake ni sawa na wa Jua! Kijiko kimoja cha chai cha nyota hiyo kingekuwa na tani kama 12, kushinda mananasi ya Thika yanayojaza lori zima.

Wenzangu, Kilatini kilimwangusha Bessel, lakini hakukaa chini kulia. Wewe ukianguka somo moja, usifunge vitabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.