Beryl Markham: Mkufunzi wa farasi aliyetia fora Naivasha

ULIMWENGU unamkumbuka Beryl Markham kwa safari moja ya angani. Lakini nchini Kenya, kuanzia Njoro hadi kandokando ya Ziwa Naivasha, alisifika zaidi kwa kazi iliyompa riziki kwa miongo kadhaa: kuwanoa farasi wa mbio.

Alizaliwa Uingereza mnamo Oktoba 26, 1902, akaletwa Kenya akiwa na umri wa miaka minne hivi. Babake, Charles Clutterbuck, alifuga farasi huko Njoro, katika ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliwatengea walowezi wa Kizungu. Mamake hakuyastahimili maisha hayo, akarejea kwao. Beryl alikua akicheza na kuwinda na watoto wa Kikipsigis, na Kiswahili kikamkaa ulimini. Mwenzake wa utotoni, arap Ruta, baadaye akawa msaidizi wake, kwanza zizini, kisha kwenye ndege. Huyo ni miongoni mwa saisi wachache wa enzi hizo ambao historia imewahifadhi kwa majina.

Ukame ulipomfilisi Clutterbuck baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alihamia Peru. Binti alibaki, na akawa mwanamke wa kwanza nchini kupewa leseni ya ukufunzi wa farasi wa mbio, angali kijana mno.

Mtihani mkubwa ulimfika mwaka wa 1926. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, zikiwa zimesalia wiki 12 kabla ya mbio za St Leger mjini Nairobi, mwenye farasi Wrack, aliyetarajiwa kushinda, alimwondoa zizini mwake na kumkabidhi mkufunzi mwingine. Hakumwamini msichana huyo. Beryl alisalia na Wise Child, farasi jike mwenye kano dhaifu za miguu, ambaye angekimbizwa kupita kiasi angelemaa. Alimwandaa kwa subira, siku baada ya siku. Siku ya mashindano ilipowadia, Wise Child alimwacha Wrack nyuma na kutwaa ushindi.

Miaka michache baadaye alijitosa katika urubani. Mnamo Septemba 4, 1936 alipaa kutoka Abingdon, Uingereza, na siku iliyofuata ndege yake ikazama pua katika kinamasi cha Cape Breton, Kanada. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Kitabu chake, West with the Night, kilichapishwa mwaka wa 1942, kikasahaulika upesi.

Aliporejea Kenya karibu na mwaka wa 1950, sifa hizo zote hazikumjazia kibaba. Alirudia farasi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 aliweka kambi Naivasha, katika shamba lililopakana na ziwa, mita 1,880 hivi juu ya usawa wa bahari, akiwapeleka wanyama wake kushindana Nairobi. Washindani waliokuwa wakimkejeli kuwa amepitwa na wakati walilazimika kunyamaza. Kwa jumla, farasi wake walishinda mbio za Derby mara sita.

Katikati ya miaka ya 1960 alihamia Afrika Kusini, ambako mambo hayakumwendea vyema, akarudi. Uzeeni aliishi kwa uhitaji katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, hadi kitabu chake kilipochapishwa upya mwaka wa 1983 na kumpa mapato. Aliaga dunia jijini Nairobi mnamo Agosti 3, 1986, akiwa na umri wa miaka 83.