Django Reinhardt: Mwanamuziki aliyejifunza gitaa mara mbili

DJANGO Reinhardt alizaliwa Januari 23, 1910, kijijini Liberchies, Ubelgiji, katika jamii ya Waroma wanaohamahama. Akiwa bado mtoto, alianza kujifunza ala za nyuzi kwa kuwatazama na kuwasikiliza waliomtangulia. Kusoma noti hakukujua maishani.

Usiku wa Novemba 2, 1928, mshumaa uliwasha maua ya seluloidi yaliyotengenezwa na mkewe kwa ajili ya kuuza, na moto ukateketeza nyumba yao ya magurudumu viungani mwa Paris. Kidole cha pete na cha mwisho cha mkono wake wa kushoto vililemaa.

Nduguye, Joseph, alimpelekea gitaa hospitalini. Django akaanza upya kama mwanagenzi. Kidole cha shahada na cha kati alivizoeza kukimbia juu ya nyuzi. Vilivyolemaa akavitumia tu kubana nyuzi kadhaa kwa pamoja.

Mwaka wa 1934, yeye na mpiga fidla Stéphane Grappelli waliongoza Quintette du Hot Club de France, kundi la jazi la ala za nyuzi pekee.

Alifariki Mei 16, 1953, akiwa na miaka 43. Hadi leo, wapiga gitaa wenye vidole vyote vizima hujitahidi kuiga alichokifanya kwa viwili.