W.E.B. Du Bois: Mwanazuoni Aliyezitumia Takwimu Kutetea Haki

Mwaka 1896, katika jiji la Philadelphia nchini Marekani, msomi kijana wa miaka 28 alianza kupiga hodi nyumba kwa nyumba katika Kata ya Saba, mkononi akiwa na madodoso. Hakuwa karani wa sensa wala mtoza kodi. Alikuwa William Edward Burghardt Du Bois, Mmarekani Mweusi wa kwanza kutunukiwa Shahada ya Uzamivu na Chuo Kikuu cha Harvard. Kazi aliyoianza katika vichochoro vile ilikuja kuonesha kuwa takwimu zilizokusanywa kwa uaminifu zinaweza kuwa ngao ya mnyonge.

Du Bois alizaliwa tarehe 23 Februari, 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts, chini ya miaka mitatu baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo. Alilelewa na mama yake katika maisha ya kipato kidogo, na alipofaulu masomo, waumini wa makanisa ya eneo hilo walichanga fedha ili aende Chuo Kikuu cha Fisk kilichopo Nashville, Tennessee. Wakati wa likizo alifundisha katika shule ya kijijini iliyoendeshwa ndani ya kibanda cha magogo kilichokuwa ghala la mahindi. Kiti cha mwalimu kilikuwa cha kuazima, na kila jioni kilirudishwa kwa mwenyewe. Mapema kabisa, basi, Du Bois aliijua kwa macho yake shule isiyopata mgao wa haki.

Baada ya Fisk alisoma Harvard, kisha Chuo Kikuu cha Berlin nchini Ujerumani, ambako alijifunza kuichunguza jamii kwa ushahidi uliokusanywa na kupangwa, badala ya kutegemea dhana. Alirejea nyumbani mwaka 1894, na mwaka uliofuata Harvard ikamtunuku shahada yake ya juu.

Utafiti wa Philadelphia ulitokana na hofu ya baadhi ya wakuu wa jiji, walioamini kuwa wakazi Weusi ndio chanzo cha uhalifu na umaskini. Du Bois na mkewe, Nina, walihamia katika chumba kimoja ndani ya kata hiyo. Aliandaa madodoso ya aina sita, yakiwemo ya familia, mtu mmoja mmoja, makazi, mitaa na taasisi, ili makanisa na vyama vya wananchi navyo vihesabiwe miongoni mwa nguvu za jamii. Baadhi ya wakazi walimtilia shaka, kwani walichoka kuchunguzwa kama viumbe vya ajabu. Hata hivyo, aliendelea kuketi nao na kuwasikiliza mpaka akapata taarifa za wakazi Weusi 9,675 wa kata ile, na kuchora ramani iliyoonesha hali ya maisha nyumba hadi nyumba.

Kitabu kilichotokana na utafiti huo kilichapishwa mwaka 1899. Matokeo yake yaliipindua hoja ya awali. Ilibainika kuwa wakazi hao walifungiwa milango ya viwanda na kazi za ujuzi, huku wakitozwa kodi kubwa kwa nyumba duni. Uhalifu na ufukara vilikuwa dalili. Mzizi wa tatizo ulikuwa ubaguzi. Kwa namna hiyo, mzigo wa kujibu ulihamia kwa waliokuwa na mamlaka ya kuajiri na kupangisha.

Wakati huo Du Bois alikwishahamia Chuo Kikuu cha Atlanta, jimbo la Georgia, ambako kuanzia mwaka 1897 alisimamia tafiti na mikutano ya kila mwaka. Kila mwaka ulikuwa na mada yake: mwaka 1898 ilikuwa juhudi za makanisa na vyama vya kusaidiana, na mwaka 1901 ilikuwa shule za umma. Kwa kuwa fedha zilikuwa haba, alitegemea wahitimu walioishi katika miji husika kukusanya taarifa. Utafiti wa shule uliweka bayana kuwa wazazi Weusi walichangia elimu kwa kodi zao, lakini shule za watoto wao zilipata fungu dogo kuliko za Wazungu.

Mwaka 1900, Du Bois na wanafunzi wake walichora kwa mkono chati zipatazo 60 kwa ajili ya Maonesho ya Dunia mjini Paris, Ufaransa. Katika chati mojawapo, mstari mwekundu uliojizungusha kama pia uliwakilisha watu Weusi 734,952 wa Georgia waliokuwa wakiishi mashambani na vijijini. Chati nyingine zilionesha kukua kwa elimu na umiliki wa ardhi. Kazi hiyo ilimpatia medali ya dhahabu.

Pamoja na mafanikio hayo, mwaka 1899 ulimpa funzo chungu. Akiwa njiani kupeleka makala gazetini ili kutuliza ghasia zilizomkabili mkulima Mweusi Sam Hose, alipata habari kuwa Hose ameuawa na umati, na kwamba mifupa ya vidole vyake imewekwa dukani ili watu waitazame. Akageuza njia na kurudi. Mwezi uliofuata mwanawe wa pekee, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili, alifariki dunia. Miaka michache baadaye, utafiti mkubwa alioifanyia Serikali ya Marekani mwaka 1906 katika Kaunti ya Lowndes, Alabama, haukuchapishwa, na alipoufuatilia alielezwa kuwa umeteketezwa. Alitambua kuwa takwimu bila mtu wa kuzisimamia huishia kabatini, au motoni.

Mwaka 1909 alishiriki kuanzisha Chama cha Kitaifa cha Maendeleo ya Watu Weusi, NAACP, na mwaka 1910 akawa mhariri wa jarida lake, The Crisis. Humo takwimu ziliwafikia wananchi wenyewe, zikiwemo tafiti za miaka ya 1920 kuhusu shule za majimbo ya kusini, Georgia ikiwa miongoni mwao. Tofauti za fedha kati ya shule za Weusi na za Wazungu zikaja kuwa silaha ya mawakili wa chama hicho mahakamani. Mwaka 1954, Mahakama Kuu ya Marekani iliharamisha utenganishaji wa wanafunzi kwa rangi katika shule za umma.

Du Bois hakuisahau Afrika. Mwaka 1945 aliongoza Kongamano la Umajumui wa Afrika mjini Manchester, Uingereza, lililohudhuriwa na Jomo Kenyatta na Kwame Nkrumah. Mwaka 1961, kwa mwaliko wa Nkrumah, alihamia Ghana kuandaa ensaiklopidia ya Afrika. Alifariki dunia mjini Accra tarehe 27 Agosti, 1963 akiwa na miaka 95, siku moja kabla ya maandamano makubwa ya haki za kiraia mjini Washington.

Maisha yake yanabaki kuwa somo kwa kila mwalimu mkuu anayejaza fomu za shule yake, kila asasi inayoorodhesha wahitaji na kila kiongozi anayegawa rasilimali: nyuma ya kila tarakimu yupo mtu, naye anastahili kuhesabiwa kwa haki, kisha kutendewa haki.